Prosesa Iliyoingia Bila Kusukumwa

Katika miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta mjini Kisumu, katika duka la watu wawili: mimi na mzee aliyenifundisha kazi. Jumanne moja akaingia muuguzi mstaafu kutoka Kisian na kompyuta ya kanisa lake. Humo aliandika majina ya watoto waliofiwa na wazazi, na nyumba zilizowachukua. Miaka hiyo orodha haikukaa mwezi bila kuongezeka.

Ndugu yake alimletea prosesa mpya, ile chipu inayofanya kazi kama ubongo wa kompyuta. "Hii ya zamani inanichelewesha," alisema. "Angalia kama itaingia."

Mzee alikuwa ametoka. Siku zote aliniambia nisifunge prosesa kabla ya kusoma kitabu cha maelezo ya bodi kuu ya mashine. Sikukisoma. Niliinua kikono cha soketi, pale prosesa inapokaa, nikatoa ya zamani, nikaweka mpya. Pini zote zikazama kwenye matundu bila kusukumwa. Mashine iliwaka, mama akanibariki, akaenda zake.

Mzee aliporudi nilimsimulia kwa kujisifu. Alifungua kitabu, akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Hii prosesa inataka umeme mdogo. Bodi ile haina namna ya kuupunguza. Itaenda siku mbili tatu, itajipika. Enda umwambie aizime."

"Kesho, Mzee."

Kesho yake sikwenda. Alhamisi nilipita Kisian nikielekea nyumbani, nikaona mlango wa ofisi ya kanisa uko wazi. Sikushuka kwenye matatu. Nilikuwa naogopa uso wake kuliko moto. Usiku nilikuwa nikinusa vidole vyangu, kana kwamba vilikuwa na harufu ya kuungua.

Jumamosi nilikwenda. Harufu ya plastiki iliyoungua ilinipokea uani. Alikuwa ameketi mbele ya kioo cheusi, mikono ingali juu ya kibodi.

"Imezima yenyewe," alisema. "Nilikuwa naandika watoto wa mazishi ya jana."

Nilifungua kasha. Soketi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, prosesa imenata ndani yake, haitoki.

"Ulijua?"

"Tangu Jumanne, Mama."

Hakunigombeza. Alichukua kalamu, akaanza kuandika yale majina ya jana nyuma ya bahasha, kabla hayajamtoka.

Diski yenye majina ilipona, bodi ilikufa. Mzee alimfungia nyingine. Tangu hapo kila alipokuja dukani alinisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akaweka mashine upande wa mzee.