Niliomba dua ya subira nikiwa juu ya ngazi, nachuma parachichi changa

Wakuu, shikamooni wanaostahili, wengine mambo vipi. Hii ni kweli tupu, anayebisha aje Makambako nimwoneshe miti.

Mimi hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Shule niliishia la sita, leo nina shamba la parachichi Kitandililo na wenye digrii wananiita bosi. Nimetapeliwa Mbeya, nimelala stendi Dar. Nimeona yote.

Nilidhani.

Nilizaliwa Mlutheri, Mbena halisi, nikasilimu kwa ajili ya Rehema, mke wangu. Msinihukumu, hamjamuona.

Shida ilikuwa nyumba. Boma limesimama miaka, kuta tupu, bati hakuna. Mbarika umeota sebuleni umenizidi urefu. Na matofali nilijengea tope, kila mvua inaondoka na kipande.

Rehema akasema Idi nyingine hapikii kwenye chumba cha kupanga, ataenda kupikia kwa mama yake Igwachanya. Alisema taratibu, huku anakunja nguo. Ndiyo nikaogopa.

Usingizi ukakata. Akanifundisha dua aliyokuwa akiisoma marehemu baba yake mambo yakichelewa. Kiarabu kinanishinda, akanipa kwa Kiswahili: "Ewe Mola wangu, nimiminie subira, uuridhishe moyo wangu na wakati uliouchagua Wewe."

Mimi nikaichukua kibiashara. Nikajua ukiomba subira, Mungu anakuonea huruma anakutoa kwenye foleni. Kila baada ya swala naipiga, tena kwa spidi.

Bei ya parachichi ilikuwa juu balaa. Sababu sikuifikiria: hakuna mtu aliyekuwa na tunda lililokomaa.

Nikakodi kigari cha mizigo, Kirikuu, na vibarua. Rehema akanikuta juu ya ngazi, dua mdomoni, mikono inachuma.

"Baba Shani, hiyo subira unayoomba utaipokelea wapi, na mikono yote umejaza parachichi?"

Nikamwambia biashara haijui subira. Hakubishana. Akanishikia ngazi nisianguke.

Njombe, kwa wanunuzi, dada wa vipimo akakata tunda, akatia kipande kwenye maikrowevu. Nikajua anapasha chakula chake. Kumbe anapima maji, yakizidi tunda bado changa.

"Mzee, haya ni maji yamevaa ganda. Rudi nayo."

Mzigo wote.

Nikajaribu sokoni Makambako. Hayakuiva, yalinyauka tu. Mama mmoja alirudisha lake, akalidundisha mezani mbele ya watu.

Mwisho kaka yangu, yeye bado Mlutheri, akaja kuyachukua ya nguruwe wake. Wakuu, alhaji mtarajiwa napakia chakula cha kitimoto! Kesho yake akapiga simu, anacheka mpaka anakohoa.

"Mdogo wangu, wameyanusa, wakaniangalia, wakarudi kulala. Nadhani wanasubiri yaive."

Nguruwe, wakuu. Wamenizidi subira.

Idi ikatukuta chumba kile kile. Nilikuwa nimeshajiandaa kumsindikiza Rehema stendi. Hakwenda. Akapika pilau, akaniwekea sahani, akasema, "Isome tena ile dua. Sasa hivi huna cha kuchuma."

Nikaisoma polepole. 

Bahati siku ile ya kuchuma kreti ziliisha, nusu ya shamba sikuigusa. Miti hiyo nikaiacha mpaka dada wa vipimo mwenyewe akasema sawa. Ikatoa bati za vyumba viwili, tumehamia. Sebule bado inatazama mbingu, Rehema anaanikia nguo kwenye mbarika wangu. Dua naendelea nayo, na ngazi kaificha yeye.

Somo: ukiomba subira, tulia uipokee. Usimshikie Mungu saa.

Haya, nichekeni, na aliyewahi kuvuna kabla ya wakati wake aseme hapa chini, nisiwe peke yangu. Wenye dua za fasta msinifuate inbox.

Dua yenyewe nilipewa bure. Kuisomea juu ya ngazi, ukijumlisha mzigo, vibarua, na Kirikuu kwenda na kurudi, kumenigharimu shilingi milioni mbili, laki nne na elfu themanini na sita.