Dada Siki na Moshi wa Chumba cha Bwana Miwani

Moshi wa sigara hauondoki kwa manukato. Anayesema unaondoka hajawahi kupiga magoti kwenye zulia la chumba cha meli akalinusa. Ukipulizia manukato chumba kilichovutiwa sigara, unapata harufu mbili badala ya moja, na hiyo ya pili inakera kuliko ya kwanza. Moshi umeshaingia kwenye mapazia, kwenye godoro, kwenye mito, mpaka kwenye karatasi za chooni. Utaunyunyizia maua mpaka lini?

Haya aliyajua vizuri mwanamke mmoja aliyesafisha vyumba kwenye meli ya watalii, ghorofa ya nne, mwaka wa kumi na mmoja sasa. Wenzake walimwita Dada Siki, kwa sababu hakwenda popote bila chupa ya siki kwenye kitoroli chake. Alianza na dari, maana moshi hupanda. Kisha kuta, kutoka juu kuja chini, kwa siki na maji ya moto, na kitambaa kikishika rangi ya chai anakitupa anachukua kingine. Kisha chujio la kiyoyozi. Mapazia yanakwenda kwa dobi, zulia linakuja mwisho. Akimaliza, ungeingia ukaapa kwamba chumba kile hakijawahi kuona hata njiti ya kiberiti.

Mwenyewe hakuwahi kutia sigara mdomoni. Baba yake alivuta ndani ya nyumba ya chumba kimoja mpaka sare zake za shule zikanuka, na darasani aliyeketi naye dawati moja akawa anaziba pua. Aibu ile haikumtoka hadi utu uzima. Ukitaka kumwona Dada Siki akipanda mori, mwambie harufu ya sigara ni jambo dogo.

Safari hii, siku mbili kabla ya meli kutia nanga, alifungua chumba cha mwisho kwenye korido yake na moshi ukampiga usoni. Aliyepanga humo ni jamaa mmoja ambaye wafanyakazi walimpa jina la Bwana Miwani, kwa kuwa alivaa miwani ya jua hata kwenye lifti. Alikuwa amekwenda kunywa chai. Majivu yalijaa kwenye kikombe, na kile kidude cha darini kinachopiga kelele kikisikia moshi kilikuwa kimevishwa kofia ya plastiki ya kuogea. Ati ndio ujanja.

Sheria ya meli ni fupi: ukikuta moshi chumbani, usiguse kitu. Funga mlango, umwite mkuu wa vyumba aje anuse kwa pua yake na kupiga picha, ndipo usafishe. Dada Siki aliijua sheria hiyo hata usingizini. Lakini chumba cha pili yake alikaa bibi mmoja mwenye kifua kibovu, na hewa ya vyumba vile viwili ilipita njia moja. Bibi alikuwa akikohoa kikohozi kile kinachomfanya anayesikia naye ashike kifua. Dada Siki hakufikiri mara mbili. Aliing'oa ile kofia akaitupa, akamwaga majivu, akasugua dari, kuta na chujio, akapeleka mapazia kwa dobi mbio mbio, akarudi kumpa bibi maji. Ndipo akamwita mkuu.

Mkuu wa vyumba alifika akiwa na kalamu yake sikioni. Alisimama katikati ya chumba, akavuta pumzi, akavuta tena.

"Mbona sinusi kitu?"

"Nimeshasafisha, mkuu. Bibi wa hapo jirani alikuwa anaumia."

"Sasa umeniitia nini?"

Bwana Miwani akatokea mlangoni na kijiti cha meno mdomoni. Alipoelezwa, hakushtuka hata kidogo. Mkavu wa macho yule.

"Harufu ya sigara? Mimi naisikia kila siku huyu akishapita. Nilikuwa namstahi tu. Mnuseni basi."

Na mkuu akanusa! Katikati ya korido, wafanyakazi wanne wakichungulia milangoni, aliinama akatia pua kwenye bega la mwanamke mtu mzima.

"Sare inanuka sigara," akasema.

"Inanuka kwa sababu nimebeba mapazia yake kifuani!"

"Yako wapi hayo mapazia?"

Mkuu akapiga simu kwa dobi. Dobi, masikini, akajibu kwa furaha kabisa kwamba yameshafuliwa na yamo kwenye mashine ya kukausha, maana aliambiwa ni ya haraka. Dada Siki amekosea kwa kuijua kazi yake kupita kiasi. Angekuwa mvivu, angekuwa na ushahidi.

Mkuu hakuchelewa. Alichukua kalamu sikioni akaandika barua palepale akiwa amesimama: mfanyakazi anayevuta sigara kwenye chumba cha mgeni hushushwa bandari inayofuata. Barua ingepelekwa kwa nahodha kesho jioni, na keshokutwa asubuhi Dada Siki angeteremka na begi lake. Miaka kumi na mmoja, unga umemwagika hivyo. Nyumbani kulikuwa na mwanawe anayesomea ufundi umeme, mwaka wa mwisho, akilelewa na mama yake mkubwa. Lakini kusema kweli, hakuwa akimfikiria mwanawe wakati ule. Kilichomchoma ni kuitwa mvutaji. Yeye! Alikwenda chooni akavua ile sare akaitupa chini akaikanyaga.

Kwenye chakula cha jioni dobi alikuja akakaa mbele yake kama mtu aliyevunja sahani ya watu.

"Pole, dada. Lakini na wewe, nani alikutuma ung'arishe namna ile?"

"Usinichokoze leo."

"Sikuchokozi. Sikiliza. Yule ameona ameshinda. Kesho atavuta tena, bila hata kujificha. Wewe usiguse tu."

"Nisiguse?"

"Usiguse kitu."

"Yaani nione uchafu nifunge mlango?"

"Ufunge mlango, dada yangu. Utakufa?"

Alihisi kwamba huenda akafa kweli.

Kesho yake asubuhi alianzia kwa bibi. Akambebea mkoba na dawa zake, akamshika mkono mpaka juu sitahani, kwenye hewa, akamketisha penye kivuli. "Mwanangu, kuna nini?" bibi akauliza. "Kuna kazi, bibi," akamjibu, na akashuka.

Alifungua chumba cha mwisho. Dobi hakukosea. Moshi ulikuwa mzito kuliko jana, kofia nyingine imevishwa kule darini, na safari hii jamaa alikuwa amezima sigara kwenye sahani ya sabuni. Mikono ya Dada Siki ilimwasha. Kitambaa kilikuwa pale, siki ilikuwa pale. Akajikaza, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo, akapiga simu mbili: moja kwa mkuu wa vyumba, ya pili kwa ofisa wa usalama wa moto, kwa sababu mkuu peke yake alikuwa hamwamini tena.

Bwana Miwani ndiye aliyefika kwanza.

"Nipishe niingie chumbani kwangu."

"Subiri kidogo, bwana."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nakwambia usubiri."

Akapandisha sauti, akanyoosha kidole, akamtukana. Dada Siki alimtazama juu chini na hakusogea hata inchi. Milango ya korido ikaanza kufunguka, wenzake wakatoa vichwa.

Ofisa wa moto alipofungua chumba, hakuhitaji kunusa. Macho yake yalikwenda moja kwa moja darini, na uso ukambadilika. Meli nzima imejaa watu, na mpumbavu mmoja amekiziba kinywa kile kidude cha kuwaokoa.

"Nani kaweka hii?"

"Nimelipia chumba hiki," Bwana Miwani akasema, amefura. "Nikivuta ndani ya chumba nilicholipia, nyinyi inawahusu nini?"

Basi akawa amejimaliza mwenyewe. Ofisa alimwambia akusanye vitu vyake, atalala karibu na ofisi ya ulinzi mpaka bandarini, na hatapanda meli hii tena. Akaondoka akibwata korido nzima.

Mkuu wa vyumba alikohoa kidogo, akapiga makofi mawili. "Haya, kazi ianze. Wageni wapya wanaingia kesho. Dada Siki, wewe ndiye mtaalamu wetu, nataka chumba hiki kinukie kama kipya."

Mtaalamu wetu! Kusikia hivyo, hasira alizozimeza tangu jana zilimpanda zote kwa pamoja.

"Barua," akasema.

"Ah, ile. Ile imeshakwisha, usijali." Mkuu akaitoa mfukoni, akaichana.

"Haijakwisha. Uliniita mvutaji hapa, mbele ya hawa. Hukuniita ofisini."

Mkuu alitazama milango. Hakuna aliyerudisha kichwa ndani. Alimtazama ofisa wa moto, naye ofisa akawa anachunguza dari kwa makini sana.

"Samahani," mkuu akasema kwa sauti ndogo.

"Hawajasikia."

"Nimesema samahani! Nilikosea. Dada huyu havuti, na hajawahi kuvuta."

"Asante." Dada Siki akachukua chupa ya siki, ndoo na kitambaa, akamkabidhi mkononi. "Mimi nina vyumba kumi na viwili vinanisubiri. Unaanza na dari."

Mkuu alitaka kucheka, akaona atacheka peke yake. Akavua koti. Akapanda juu ya kiti na kupangusa huku tai ikimning'inia na maji yakimchuruzikia kwenye kwapa. Baada ya muda akashuka, akihema, akasimama kando ili kazi yake ikaguliwe.

Dada Siki aliingia, akainua uso, akazunguka chumba chote taratibu.

"Rudia," akasema, akaenda kusukuma kitoroli chake.