Kuni si Nishati

Mdogo wangu na mimi tulikuwa na kazi moja: kupokea simu za wateja wa kampuni fulani ya Moshi, kila mtu akiwa nyumbani. Mimi Same mjini, chini ya bati linalochemka, feni ikizunguka tangu asubuhi mpaka jioni. Yeye Suji kwa mama, juu milimani kwenye baridi, sweta mwilini, anapikiwa. Nilimwonea wivu, tena wivu mbaya, ule wa kumsikia mtu anacheka kwenye simu ukatamani mtandao ukatike.

Siku moja bosi akatangaza kwamba kampuni inataka kupunguza hewa ukaa. Kati yetu wawili, yule ambaye nyumba yake inatumia nishati kidogo angebaki nyumbani, mwingine arudi ofisini. Kwenye kikao cha mtandaoni akatuuliza. Nikataja feni, friji, kompyuta. Mdogo wangu akajibu kwa ile sauti yake ya kanisani, "Sisi huku nishati hatuna, bosi. Ni taa na kompyuta tu." Akasifiwa weee! Mimi nikaambiwa nianze kutafuta chumba Moshi.

Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka Suji. Moto wa mama niliunusa kabla sijaiona nyumba. Jikoni mafiga yanawaka, makande yanatokota, birika la chai pembeni, na maji ya kuoga ya mdogo wangu, mtoto wa ofisi, yanasubiri zamu. Mama alisema mdogo wangu alipokuwa akiishi Moshi, moto uliwashwa jioni tu. Sasa unashinda unawaka. Mti mmoja wa kuipa mibuni kivuli ulikuwa umeshakatwa kuni shambani.

"Mama, hii si nishati?" nikauliza.

"Nishati ni umeme, mwanangu. Hizi ni kuni."

Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa kukubaliana naye. Hakudanganya, masikini, aliamini hivyo kabisa. Hilo halikunizuia. Jumatatu nilimweleza bosi habari za mafiga, makande na ule mti, nikaongeza kwamba umeme wangu mwingi unatokana na maji. Akabadilisha uamuzi. Mdogo wangu akaenda Moshi, nami nikabaki na feni yangu, roho kwatu.

Nilipopanda tena Suji, jiko lilikuwa limezimika. Mama akawasha moto kwa ajili yangu, makande yakatokota mpaka alasiri, nami nikakaa kwenye kigoda nikingoja kudekezwa. Akanipakulia sahani ikajaa, akaketi mbele yangu, akanitazama nikila mpaka nikajiona mtoto wake wa pekee.

"Hivi," akasema, "mwenzio huko Moshi anakula nini?"