Unga wa Meno Uliosagwa kwenye Jiwe la Liwa

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwetu Mutsamudu, niliipasua kwa mkasi tyubu ya mwisho ya dawa ya meno nikamwonyesha mke wangu kilichobaki ndani: utando mweupe usiofika hata upana wa kucha.

"Hatununui nyingine," nikamwambia.

Kisiwa chetu kilikuwa kimejitenga na serikali ya Moroni, ng'ambo ya bahari, na meli za huko hazikuja tena bandarini. Dawa ya meno iliingia kwa magendo. Lakini sababu yangu kubwa ilikuwa taka, ambazo hakuna aliyezizoa tena. Katika mto unaopita chini ya nyumba niliokota miswaki ya plastiki kumi na tisa kwa asubuhi moja. Kila ninachokijua nimejifunza peke yangu, kwa vitabu vya kuazima, na nilikwisha kusoma kwamba plastiki haiozi. Nikaamua tusafishe meno bila kuacha taka: mswaki wa mti, na unga wa mkaa wa vifuu vya nazi, chumvi na karafuu, uliowekwa katika chupa ya kioo.

Uamuzi ule ulikuwa mzuri; nasema hivyo hata leo. Kosa lilikuwa katika kusaga.

Kinu chetu cha mbao kiliacha chembe kubwa. Nikachukua jiwe la liwa la mke wangu, kipande cha tumbawe alichopewa na mama yake, ambacho wanawake wa visiwa vyetu husugulia kijiti cha msandali ili wajipake usoni. Unga ukatoka laini kama poda.

"Jiwe hilo linalika," mke wangu akasema. "Tazama lilivyobonyea katikati. Kinachotoka kinakwenda wapi?"

"Kwani umesomea mawe wewe?"

"Nimejipaka liwa tangu nina miaka kumi na miwili. Usoni hukauka, nikaosha. Huu utausugulia menoni."

"Watu wa Moroni mnajua kila kitu. Ndiyo maana tumewaacha."

Kwa desturi yetu mke hukaa katika nyumba aliyojengewa na wazazi wake, na mume ndiye anayehamia. Nyumba yake ilikuwa Moroni. Aliiacha ili anifuate kwenye kazi yangu ya bandarini. Angekuwa kwake angenitoa nje na unga wangu. Kwangu alisugua.

Ili nipate kulinganisha, mimi nilitumia mti mtupu, yeye mti na unga. Mwezi wa nne wa jaribio meno yake yaling'aa hata majirani wakayasifu. Mwezi wa tisa chai ya moto ilianza kumtoa machozi; nikamwambia ainywe vuguvugu. Mwezi wa kumi na mbili niliona tyubu ya magendo chini ya nguo zake. Niliikamua yote chooni huku akitazama, kisha nikamsagia unga mwingine.

Mwezi wa kumi na nane, meli ziliporudi, alikwenda kwao. Baada ya wiki tatu nikamfuata Moroni. Nilimkuta uani, ameketi jamvini na mama yake na shangazi zake wawili. Meno yake manne ya mbele hayakuwapo. Yalikuwa yamelika kwenye shina, karibu na ufizi, hadi yakakatika, na daktari akang'oa vipande.

"Karibu, mkwe," mama yake akasema. "Tulikupa mtoto mwenye meno thelathini na mawili. Umeturudishia mangapi?"

"Mwache," shangazi mmoja akadakia. "Wao wamejitenga na sisi. Meno nayo yamejitenga na ufizi."

Wakacheka. Mke wangu naye akacheka, mdomo wazi, akinitazama.

Niliwaeleza habari za mto, plastiki na jiwe. Mwisho nikasema nimekuja kumchukua mke wangu.

"Hapa ni kwangu," akasema, na maneno yalimtoka na upepo. "Kwangu hulali. Lakini kabla hujaondoka waambie wazee hawa, kwa miezi yote ile, tumeokoa kiasi gani."

Ningeweza kusema sijui. Tyubu moja kwa mwezi, miezi kumi na minane, faranga mia saba na hamsini kila moja.

"Faranga elfu kumi na tatu na mia tano," nikasema.