Mimi Sianzi Kusalimia

Kwetu Masisi, mtu apitaye bila salamu ni mchawi ama ana kiburi. Kwa kuwa kila Jumapili mimi huonekana kanisani, walinipa kiburi. Mama Kiburi, ndilo jina langu kuanzia kituoni mpaka sokoni, na watoto wengine hudhani nilibatizwa hivyo.

Jina hilo nimelipata kazini. Katika kituo chetu cha afya, si mbali na Lushebere, mimi ndiye ninayelinda habari za wagonjwa. Ninashika ufunguo wa kabati la fishi zao, yaani kadi zao za matibabu, na neno la siri la tableti, na ripoti zinazopanda kwa wakubwa hupita kwangu kwanza, zipande na namba tu bila jina la mtu. Tulipokimbia risasi, nilifunga fishi zote katika mfuko wa plastiki nikazibeba kichwani, sufuria zangu nikaziacha. Tuliporudi hakuna fishi iliyopotea. Sufuria nilizikuta kwa jirani zinapikiwa, na jirani hakuona haya hata kidogo.

Kuna sheria moja ambayo sikufundishwa katika semina yoyote: njiani sianzi kusalimia. Nikimwambia mwanamke sokoni, “Habari ya siku, unaendeleaje?”, wenzake watageuka na kujiuliza mtu wa kabati anamjulia wapi. Kwa hiyo nangoja. Anayetaka kujulikana na mimi ataanza mwenyewe, na wengi hawaanzi. Napita katikati ya watu ambao najua wanalala vipi na wanaumwa wapi, kama mgeni aliyeshuka jana kutoka Goma. Nikifika nyumbani napika chakula cha mtu mmoja. Upweke ni mchungu, nisidanganye.

Aliyeniuma zaidi alikuwa rafiki yangu. Tuliimba pamoja katika kwaya, sauti ya pili, tukisoma kitabu kimoja na, mvua ikinyesha, tukijifunika kitenge kimoja. Siku moja alikuja kituoni, akapimwa. Ugonjwa wenyewe sitautaja hata hapa, na mambo mengine nimeyabadilisha makusudi, msijisumbue kutafuta. Itoshe kusema kwamba dawa zake humezwa kila siku, maisha yote, na kwamba wapo wanaofukuzwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa huo. Mume wake alikuwa kwenye machimbo ya Walikale na alirudi kwa nadra. Yeye na watoto waliishi na mama mkwe wake, mjane, kilimani upande wa Muheto.

“Dada, inje ya hapa usinijue,” aliniambia. “Mama mukwe akisikia, atanifukuza na batoto.”

Nilimshauri kama ninavyomshauri kila mtu, atafute mmoja nyumbani amwambie, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

“Naweza ambia kila muntu,” akasema, “lakini hapana ule mama.”

Tangu hapo tuliacha kusoma kitabu kimoja. Aliomba kuhamia mstari wa mbele, kwenye sauti ya kwanza, sauti ambayo Mungu hakumpa.

Miezi ikapita, mama mkwe mwenyewe akatokea kituoni na kapu la maharagwe mapya, akalitua miguuni pangu.

“Bibi ya mutoto wangu anapitaka hapa,” akaanza, yaani mke wa mwanawe. “Iko na nini?”

“Mama, mimi sijue muntu.”

Hakuwa mjinga. “Na ule mutoto ya jirani, alianguka mu muti akavunjika mukono? Kila muntu aliona. Ye alifika hapa?”

“Hata ye sijue, Mama.”

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii. Nikikubali kuzungumzia mkono wa mtoto, basi kunyamaza kwangu juu ya mwingine kutakuwa jibu tosha. Lazima nikatae yote kwa sauti ileile, hata lile linalojulikana mpaka na mbuzi.

Mama akacheka, akabeba kapu lake. “Kweli, weye njo Mama Kiburi.” Akaenda kulitangaza jina hilo sokoni. Maharagwe yalikuwa mazuri, nakiri, niliyasindikiza kwa macho mpaka yakapotea kwenye kona.

Msimu wa kupanda uliofuata akarudi, safari hii bila kapu. Alikuwa amejifunika kitenge mpaka puani, akangoja wote waondoke.

“Mwanangu, siku ile nilikujaribu. Hausemake mambo ya batu. Njo maana nimekuja.”

Akapimwa. Ulikuwa ugonjwa uleule, wenye dawa zilezile. Kila mmoja aliupata wapi, si kazi yangu kuuliza, na sikuuliza. Nilimshauri naye atafute mmoja nyumbani amwambie.

“Kila muntu, lakini hapana bibi ya mutoto wangu. Siku ye atajua, nitahama ile nyumba.”

Alipoondoka nilifunga kabati nikalia kwa hasira. Wanawake wawili wanaopika jiko moja, kila mmoja anameza kidonge akiwa amempa mwenzake mgongo! Sentensi moja kutoka kinywani mwangu ingetosha, na sentensi hiyo haikuwa yangu. Nikawapangia siku za kuchukua dawa, rafiki yangu Jumanne, mama mkwe Alhamisi.

Kisha mvua ikakata njia. Jumanne hakuna aliyefika. Alhamisi, mama mkwe akiwa ndani na muuguzi, nilichungulia dirishani nikamwona rafiki yangu anapanda njia ya kituo, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

Ningeweza kukaa tu. Ningesema ni mvua iliyowakutanisha. Labda wangekumbatiana, labda kufikia jioni nyumba ingekuwa imevunjika. Mpaka leo sijui. Nilijua tu kwamba wote wawili waliniomba neno lilelile. Nikamwonyesha muuguzi mlango wa nyuma, ampitishe mama huko, nikatoka mbio, nikamfikia rafiki yangu njiani, na kwa mara ya kwanza nikaanza mimi.

“Jambo, dada! Habari ya siku mingi?”

Akashtuka, akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu.

“Leo unanisalimia?”

“Nakusalimia.” Nikamshika mkono, nikamgeuza taratibu mpaka kituo kikawa nyuma yake. “Batoto habari gani? Na mbuzi, ilishazaa?”

Mwanzoni alijibu kwa woga, kisha uso ukafunguka. Mbuzi alizaa wawili. Maharagwe yameoza kwa mvua. Huko mbele kwenye kwaya anaimba vibaya, je, huwa nasikia?

“Nasikia. Na Mungu anasikia.”

Akacheka mpaka akaangusha viatu. Halafu akanishika mikono yote miwili.

“Nilikuambia usinijue,” akasema, “lakini sikujua itakuwa murefu hivi.”

Juu ya bega lake niliona kitenge kikitoka nyuma ya kituo na kuingia kwenye mihogo, kimeinama, kikielekea nyumbani kwake. Kona ya kumficha ilikuwa bado mbali. Rafiki yangu akataka kugeuka, aone ninatazama nini.

“Na mbuzi,” nikasema, “ilishazaa?”

Alikuwa amekwisha kuniambia. Akanisimulia tena, kwa furaha, tangu mwanzo.