Basi la Bi Somoe na Rangi Isiyokauka

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba mtu akiandikwa jina ubavuni mwa basi la abiria, basi likiugua naye anaugua, na basi likifa, jamaa zake waanze kutafuta sanda. Msinicheke. Niliambiwa hivyo siku yangu ya kwanza kazini na kondakta mwenye miwani, na enzi zile mtu mwenye miwani alikuwa haongopi.

Siku hiyo niliingia karakana ya mabasi, kule Kariakoo, cheti changu cha masomo ya jioni nimekiweka mfukoni mwa shati, kona moja ikichungulia ili nchi nzima iione. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na wakubwa walikuwa wameamua kwamba mabasi ya mji yasiitwe kwa namba tu kama wafungwa. Yapewe majina ya watu wenye sifa zao mitaani. Mimi ndiye mwandika majina. Meneja wa Karakana alinitazama kuanzia kichwani mpaka kandambili, akasema, "Ndugu, herufi zako zisimame kama askari. Ukimpindisha mzee wa watu, nami nakupindisha."

Kazi yenyewe ilikuwa na adabu zake. Unasugua bati kwa msasa, unapaka praima, yaani rangi ya chini inayoshika zile za juu, kisha unavuta uzi uliopakwa chaki na kuuachia kama upinde, pah! Unabaki mstari mweupe umenyooka. Mkono wa brashi unauegemeza kwenye fimbo yenye tambara nchani, usitetemeke. Na sheria kuu ya karakana ilikuwa hii: basi lenye rangi mbichi haliguswi na mtu, hata awe nani.

Jina moja lilitaka siku mbili. Lakini kulikuwa na Kamati ya Majina. Kamati ile! Mpaka leo nikiikumbuka kichwa kinaniwanga. Walikaa vikao virefu, mtu akiingia kijana anatoka na mvi. Basi la golikipa mmoja mstaafu nililiandika mara nne. Kwanza bila "Mzee", yeye akanuna. Nikaweka "Mzee", mkewe akanuna. Kamati ikasema liwe "Ndugu", watoto wakaja kulalamika kwamba baba yao ameshushwa cheo. Tukarudi tulikoanzia. Ubavu wa basi lile ulikuwa na rangi nene kuliko bati.

Sasa basi hilo hilo likapasuka taa ya kushoto Jumatatu, na Alhamisi golikipa akapelekwa hospitali, jicho la kushoto. Niambieni nyinyi, msomi afanye nini? Niliamini moja kwa moja.

Ndipo Kamati ilipompitisha Bi Somoe, mkunga wa Mtaa wa Swahili, mwanamke aliyekuja mjini kutoka Lindi akiwa msichana na tangu hapo akapokea nusu ya Kariakoo duniani. Mimi mwenyewe alinipokea, na wanangu wanne pia. Jina lake niliandika kwa pumzi ya kuiba, kila herufi kama naandika hirizi.

Basi lake halikumaliza mwaka. Giaboksi ilisagika pale Mnazi Mmoja, likavutwa kwa kamba mpaka karakana. Niliruka mpaka kwa Bi Somoe, nikamkuta kitandani, magoti yamefungwa majani ya mbarika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unahema, umefukuzwa na mbwa?"

"Magoti yameanza leo?"

"Hata nikuambie, utanipa mapya?"

Nikarudi kazini. Na pale mlangoni Fundi Mkuu, Mhindi mzaliwa wa Mchafukoge aliyenishinda kwa utani wa Kiswahili, akanipokea kwa furaha: "Leo tunamchinja Bi Somoe!"

Kuchinja, kwa wasiojua, ni kulifungua basi lililokufa na kuwagawia wenzake viungo, maana spea za nje zilikuwa zinasubiriwa kama mwezi wa Idi. Basi la Kariakoo na Magogoni, lile la watu wa kivuko, lilikuwa limesimama kwa kukosa pampu ya mafuta tu, na pampu nzima ilikuwa kwa Bi Somoe.

Nilifanya lililo ndani ya uwezo wangu. Nilichovya brashi, nikalipaka basi ubavu mzima.

"Rangi mbichi, Fundi. Lisiguswe."

Kesho yake nikapaka ubavu wa pili. Keshokutwa nikagundua kasoro kwenye S. Wiki ikapita, ikapita ya pili. Abiria wa Magogoni wanatembea kwa miguu, wanatutukana wakipita getini, na mimi napaka.

"Rangi gani hii haikauki?" Meneja alinguruma wiki ya tatu.

"Unyevu wa bahari, Ndugu Meneja."

"Bahari iko Magogoni, wewe uko Kariakoo! Ijumaa iwe imekauka, la sivyo utakwenda kuikaushia shamba la pamba."

Hakuwa akitania. Miaka ile mtu alipelekwa kijijini kulima huku bado ameshika brashi. Ijumaa asubuhi nikachovya tena. Shamba lina afadhali kuliko jeneza la mkunga wangu.

Ndipo akaingia Bi Somoe mwenyewe, fimbo mkononi, viatu vimejaa vumbi, jasho linamtiririka. "Nani anazuia basi la Magogoni? Nina mzazi Kigamboni, mimba yake imelala vibaya. Wiki ya tatu hii nakwenda kivukoni kwa miguu!"

Karakana nzima ikanigeukia. Nikamweleza yote, kondakta, golikipa, giaboksi, magoti, brashi ikinidondokea rangi kwenye kandambili. Fundi Mkuu alicheka mpaka akakaa juu ya tairi.

Nimestaafu sasa. Niliandika mabasi mengi, hesabu yangu ni elfu, mke wangu anasema arobaini. Mengi yalichinjwa, na wenye majina yao wakaendelea kunywa kahawa. Kamati naisamehe nusu tu. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba wiki tatu nzima nilikuwa na akili, cheti na miguu ya kwenda kumwuliza mwenyewe vizuri, nikachagua kupaka rangi. Vijana wakiniletea uvumi wao wa siku hizi, nawarudishia alichonijibu bibi yule, mbele ya Meneja, hali ameshika ubavu wa basi lake na kiganja chote kimegeuka kijani:

"Mwanangu, magoti yananiuma kwa kuwa ni mzee. Yalianza kabla basi hili halijateremshwa melini. Wiki tatu hizi yamezidi kwa sababu natembea, na natembea kwa sababu yako. Fundi, toa hiyo pampu."