Jibu la Mjumbe

Mdogo wangu anafundisha chuo kikuu, na ninalisema hili mapema ili nimalize kujisifu. Si kweli, sitamaliza. Mimi ni fundi cherehani, nimemlea tangu mama yetu alipofariki, na kama kuna mtu mwenye haki ya kujivunia mtu, ni mimi.

Anachofundisha ndicho kilichonichosha kukieleza kwa wateja. Ni fasihi ya Wagiriki wa kale. Alipochagua kuisoma nilimwuliza, lugha ambayo wenyewe wameshaoza makaburini utazungumza na nani? Akanijibu kwamba atazungumza na mimi, akishaitafsiri. Mdomo huo kaupata kwangu, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu.

Darasa lake halina meza. Alipewa chumba kilichokuwa ghala la viti vibovu, akavitoa, akafagia mwenyewe, akasema hapa hakuna kukaa. Wanafunzi wake husoma wamesimama. Mashairi ya Wagiriki hupimwa kwa silabi ndefu na fupi, basi yeye huwatembeza koridoni: hatua ndefu, fupi, fupi, ndefu, fupi, fupi, mpaka mwalimu wa uhasibu wa ghorofa ya chini anapanda kuuliza kama huko juu kunafugwa ng'ombe. Mwanafunzi akishindwa kueleza kwa nini mfalme kakasirika, haambiwi aandike insha. Anaambiwa akasirike.

Mwaka huu mambo yalimwendea kombo. Chuo kiliunda kamati ya kupunguza masomo, na mwenyekiti wake ni profesa mmoja ambaye wanafunzi wanamwita Mkasi. Mkasi naujua, naushika kila siku, lakini wangu hukata ili nishone. Huyu alikuwa ameshakata masomo manne. La mdogo wangu lilikuwa la tano kwenye orodha, na sababu aliyoiandika ni kwamba hadithi za watu wa mbali waliokufa zamani hazimgusi mtu hapa. Mdogo wangu aliomba jambo moja tu: kamati ije itazame mtihani wa mwisho, kisha iamue. Mkasi akakubali, kwa sharti kwamba wanafunzi wafuate maandishi neno kwa neno. Hakutaka kuletewa vichekesho.

Mtihani wenyewe ulikuwa mchezo. Malkia anangoja habari za mwanawe aliyekwenda vitani. Wazee wa mji wamemzunguka, kila akisema wanamwitikia. Anafika mjumbe kutoka vitani, anasema mwana amekufa. Basi, hayo ndiyo mambo yao Wagiriki. Mimi kazi yangu ilikuwa kushona majoho kumi na mawili kutokana na mashuka meupe, na kunyamaza. La kwanza nililiweza.

Maana tatizo lilikuwa mjumbe. Kijana aliyepewa nafasi hiyo wenzake wanamwita Shikamoo, kwa sababu huamkia kila mtu, na ukikutana naye mara tatu kwa siku anakuamkia mara tatu. Tafsiri ilimtaka aingie na kuitoa habari papo hapo: mwanao amekufa. Kila mazoezi aliisema kama anayetangaza kwamba treni imechelewa. Nilimshauri mdogo wangu nafasi ile ampe mtu mwingine. Akakataa, akaniambia nishone.

Siku ikafika, saa nane mchana. Kamati, watu watatu, wakakaa mbele kwenye viti vya kuazima. Mimi nilisimama mlangoni, pini zangu nimezibana midomoni. Walianza vizuri. Miguu ya wazee iligonga sakafu kwa pamoja mpaka nikaihisi kwenye nyayo. Kisha Shikamoo akaingia anahema, jasho la kweli linamtoka. Hapo malkia, binti mwenye kumbukumbu kuliko wote, akababaika. Kwenye maandishi alipaswa kusema, "Nena, umeona nini?" Badala yake akauliza tunavyouliza sote:

"Habari za huko?"

Na Shikamoo, kwa mazoea ya maisha yake yote, akajibu:

"Nzuri, mama."

Watu wakacheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka, pini zikadondoka. Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Mkasi akaandika kitu kwenye karatasi yake, nikajua tumekwisha.

Lakini Shikamoo hakujirekebisha. Alibaki anamtazama malkia, uso ukambadilika, maana alikuwa amelisikia jibu lake mwenyewe baada ya kulitoa. Kicheko kikapungua. Nani hajawahi kujibiwa hivyo? Mtu anafika mlangoni na msiba, unamwuliza habari, anasema nzuri, kwa sababu ulimi umezoea, na kwa sababu anataka uvute pumzi moja zaidi kabla hajakuvunja moyo. Malkia alielewa kabla yetu. Akaketi chini polepole, na hakuna aliyekuwa amemwelekeza.

"Nzuri," Shikamoo akarudia, kwa sauti ya chini. "Ila mwanao, mama, hatukurudi naye."

Wazee walipaswa kuitikia. Hawakuitikia. Nikamsikia jirani yangu pale mlangoni akivuta kamasi, na alikuwa yule yule mwalimu wa uhasibu.

Mchezo ulipoisha Mkasi hakupiga makofi. Alifungua nakala ya tafsiri, akapitisha kidole, akamwuliza mdogo wangu hiyo "nzuri" iko ukurasa wa ngapi. Angeweza kusema imo kwenye Kigiriki chenyewe, na nani chumbani angembishia? Nilimwombea adanganye.

"Haimo," alisema. "Wamekosea wote wawili. Nimefundisha maneno haya miaka kumi na tisa, nimeyatafsiri mara tatu, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeyasikia. Kama ni kukata, unikate mimi. Wao wamefaulu."

Nilijivuna pale kuliko siku aliyohitimu. Mtoto huyu nilimfundisha mambo mawili, kusema kweli na kuosha vyombo, na vyombo mpaka leo vinamshinda.

Mkasi akaifunga nakala.

"Baba alipofariki, kaka yangu ndiye aliyenipigia simu," akasema, bila kumtazama mtu. "Nikamwuliza habari za nyumbani. Akasema nzuri. Nimemkasirikia miaka sita kwa jibu lile."

Akaitoa orodha yake, akapiga mstari juu ya somo la tano mbele ya macho yetu, kwamba halikatwi tena. Alipofika mlangoni aligeuka, akauliza mchezo utaonyeshwa tena lini, maana anataka kuja na kaka yake.